Mwongozo kamili: kuandika riwaya tulivu ya penzi la kwanza lililorudi

Mtu akishika riwaya ya namna hii mwisho wake anaujua tayari, hawa wawili watarudiana, na hana shida na hilo, ndio maana kaichukua. Sasa kama mwisho unajulikana, ni nini kitamfanya asome kurasa mia tatu? Nimesoma miswada kadhaa ya marafiki wanaoandika, na miwili ya kwangu niliyoitupa, na karibu yote ilifia sehemu moja. Mwandishi anadhani swali la kitabu ni "je watarudiana?" wakati swali lenyewe ni "kilichowashinda mara ya kwanza, safari hii kwa nini kisiwashinde?" Ukilijibu hilo unayo riwaya. Usipolijibu unabaki na watu wawili wanaotazamana machoni kwa sura thelathini.

Na ninaposema tulivu namaanisha hakuna utekaji, hakuna mama mkwe mwenye sumu kwenye chai, hakuna ajali ya kumpoteza mtu kumbukumbu, na chumbani mlango unafungwa msomaji akiwa nje. Watu wanadhani hii ni rahisi. Ni ngumu kuliko zile za vurugu, maana msomaji akianza kusinzia huna bunduki ya kumwamshia.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili tusiongee hewani. Neema na Daudi. Wakiwa na miaka 19 na 20 walipanga kuondoka pamoja na basi la alfajiri, waende mji mwingine wakaanze maisha. Daudi akapanda mapema, akaweka begi lake kwenye siti ya dirishani kumshikia Neema nafasi. Basi likaondoka, begi likiwa limekaa peke yake. Kwa miaka 18 Daudi anajua kitu kimoja tu, Neema hakuja. Asichokijua ni kwamba alifika. Alisimama nyuma ya basi jingine, akaliona lile begi kwenye kioo, akageuka akarudi nyumbani.

Hatua ya 1: anza na siku waliyoachana

Wengi tunaanza na siku waliyopendana kwa sababu ni tamu kuiandika. Iache kwanza. Kitabu chako chote kitajengwa juu ya siku ya kuachana, kwa hiyo hiyo ndio ichimbie msingi.

Sababu ya kuachana ina masharti mawili. La kwanza, iwe na kosa la mtu ndani yake, na bora makosa mawili. Barua iliyopotea, simu iliyoibiwa, rafiki mwongo aliyepeleka maneno, hizi zote zinamsafisha mhusika, na mhusika aliyesafishwa hana kitu cha kubadilika. La pili, isiwe kitu cha kumalizwa na maongezi. Mimi nina kipimo changu hapa: waweke hao wawili meza moja, wape dakika tano za kuambiana ukweli. Kama dakika tano zinamaliza kila kitu, hiyo ni hadithi fupi, usiivute, na msomaji atakuwa anakufokea toka sura ya nne "si umwambie tu!"

Tuone kwa Neema. Kwa nini aligeuka? Daudi alichagua mji, alichagua chumba, alichagua siku, alichagua basi, mpaka siti ya dirishani, na vyote kwa mapenzi kabisa, ila hakuna siku aliyomuuliza yeye anataka nini. Neema alipoliona begi aliona maisha yake yote yameshashikiwa nafasi. Hilo ni kosa la Daudi. La Neema ni kwamba hakusema, alikuwa hajui kumwambia hapana mtu anayempenda, akaona bora apotee. Mmoja haulizi, mwingine hasemi. Wape hao dakika tano, hata saa nzima, bado mmoja hatauliza na mwingine hatasema, maana hiyo ni tabia, na tabia haimalizwi na maelezo.

Kama unatafuta sababu nyingine za kweli kweli, kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Nancy Kalish ambaye toka miaka ya 1990 alikusanya maelezo ya watu waliorudiana na wapenzi wa zamani, na sababu iliyojitokeza sana ya kuachana ujanani ilikuwa wazazi kutokubali. Ni nzuri kwa riwaya, ila iangalie, maana inakuwa tena kosa la watu wengine. Ukiitumia uliza: mzazi alikataa, sawa, wewe ulifanya nini baada ya hapo? Jibu la swali hilo ndio sababu yako.

Zoezi kabla hujasonga: andika siku ile kurasa mbili kwa macho ya mmoja, halafu mbili kwa macho ya mwenzake. Zifiche kwenye faili lake. Hazina kazi kwenye kitabu kwa sasa, utazirudia.

Hatua ya 2: kila mmoja ana kesi yake kichwani

Mtu akiachwa bila maelezo anajitungia maelezo. Daudi ameishi miaka 18 na sentensi moja, "hakuniona wa maana". Neema ana ya kwake, "mimi ni mtu wa kukimbia". Sentensi zote mbili zina ukweli nusu, na ndio uzuri wake.

Halafu zigeuze hizo sentensi ziwe vitendo, vidogo, vya kuonekana. Daudi siku hizi anafika kila mahali nusu saa kabla, lakini hamshikii mtu nafasi, hata kwenye harusi ya dada yake alikaa pembeni mwa kiti kitupu bila kuweka hata koti. Hujamwambia msomaji kitu, umemwonyesha tu, na atakuja kuelewa baadaye sana akirudi nyuma kichwani. Neema yeye anakubali kila kitu, ndugu zake wakitaka mtu wa kubaki na mgonjwa ni yeye, wakitaka mtu wa kufuatilia makaratasi ni yeye, anasema ndiyo huku meno yamebana.

Na kumbukumbu zao zisifanane! Wanaochunguza kumbukumbu wameona jambo moja mara nyingi, kwamba watu wazima wakiombwa wakumbuke maisha yao, miaka ya kati ya 10 na 30 inajitokeza zaidi ya ilivyotarajiwa, kama kilima kwenye mchoro. Kwa hiyo hata mtu wa miaka 60 anaweza kukuelezea kwa kina jioni moja ya alipokuwa na 19 na jana yake haikumbuki. Lakini kukumbuka kwa nguvu sio kukumbuka sawasawa. Daudi anakumbuka begi la bluu, Neema anakumbuka la kijani. Wabishane kidogo, halafu uache, usije ukamtoa mama mtu na picha ya begi kumaliza ubishi. Mimi ningependa hata mwandishi mwenyewe asijue.

Hatua ya 3: karatasi ya miaka

Hii fupi lakini usiiruke. Chora safu nne: mwaka, umri wake, umri wa mwenzake, kilichotokea. Jaza kila mwaka hata kama ni neno moja. Utashangaa mambo yatakayotokea hapo, mtoto wa miaka 12 aliyezaliwa kabla ya ndoa uliyoipanga, mtu aliyesoma chuo miaka tisa, bibi ambaye amefariki mara mbili.

Kwenye karatasi hiyo hiyo amua walikuwa na nani katikati. Watu wa miaka 37 waliokaa wakingojeana bila kupenda mtu mwingine hawaaminiki, na kusema kweli wanatisha kidogo. Daudi alioa, wakaachana kwa amani, ana binti. Huyo aliyekuwa mke wake usimfanye shetani ili Neema aonekane malaika, mfanye mtu wa maana kabisa ambaye siku moja alichoka kuishi na mtu anayepanga kila kitu. Umeona? Kosa lilelile la kwenye basi limevunja na ndoa, na sasa msomaji ana sababu ya kuogopa. Wala usimuue mwenza wa mtu kwa ajili ya kusafisha njia tu, kama kuna mjane kwenye kitabu basi majonzi yake yapewe kurasa zake. Na kama mmoja bado yuko kwenye ndoa, jua umeshatoka kwenye riwaya tulivu, hicho ni kitabu kingine.

Jambo la mwisho la hapa: simu. Msomaji wa leo lazima aulize mbona hawakutafutana mtandaoni. Mjibu mapema. Kwangu Neema alimtafuta mara moja, usiku, akaipata picha yake na mtoto mgongoni, akacheka, akazima simu, hakurudia. Sentensi tatu tu na tundu limezibwa, tena umepata kitu cha kumuumiza msomaji.

Hatua ya 4: sadfa moja, halafu gundi

Kuwakutanisha unaruhusiwa sadfa moja, na iwe mwanzoni. Sadfa inayowaingiza kwenye shida msomaji anaimeza, inayowatoa kwenye shida anaitema. Kugongana sokoni kunatosha kwa salamu, hakutoshi kwa kitabu, kwa sababu wataagana na kila mtu ataenda zake. Unahitaji gundi, yaani sababu ya kuonana tena na tena hata kama hawataki. Kazi ndio gundi bora kuliko zote.

Daudi ni mpima ardhi. Baba yake Neema amefariki, kiwanja kinagawanywa kwa watoto, na ofisi inamtuma Daudi, ambaye hakuuliza mwenye kazi ni nani, aje kutafuta bikoni za zamani zilizofukiwa, yaani zile alama za mipaka ya kiwanja, na kuweka mpya. Kazi ya siku tatu inakuwa wiki sita, bikoni moja haionekani, jirani anabisha, mvua inanyesha. Chagua kazi ambayo unaijua au unayo mtu wa kumuuliza, kwa sababu nusu ya utulivu wa riwaya hizi unatoka kwenye mikono inayofanya kitu. Watu wawili wakishikilia ncha mbili za kamba ya kupimia, mmoja anasema "vuta kidogo", mwenzake anavuta, hapo huhitaji kuandika mapigo ya moyo.

Hatua ya 5: nani anasimulia

Nafsi ya tatu, sura moja karibu na Neema, inayofuata karibu na Daudi. Nafsi ya kwanza inawezekana, ila kwenye mfano wetu Neema ana siri, na msimulizi wa "mimi" anayemficha msomaji kitu anachokijua mwenyewe inahitaji ufundi, mara nyingi inasomeka kama ulaghai. Mimi ningempa msomaji siri mapema kabisa, sura ya tatu hivi. Ajue Neema alifika, Daudi asijue, na kuanzia hapo kila mazungumzo yao yawe na kitu kinachotokota chini yake. Taharuki ya namna hii ni rahisi na haichoshi.

Hatua ya 6: siku wanayoonana tena

Hapa tulia, hapa ndipo msomaji amekuja kwa ajili yake.

Kosa la kwanza ni kuzidisha. Dunia inasimama, sauti zinapotea, machozi. Hebu kumbuka mara ya mwisho ulipomuona mtu wa zamani sana bila kutegemea. Wengi tunafanya kitu cha kijinga, tunauliza swali lisilo na maana, tunaanza kueleza kwa nini nguo yetu ina vumbi. Aibu ndio inayotangulia, mapenzi yanafika baadaye kama mgeni aliyechelewa.

Kosa la pili ni kuwaacha waongelee yaliyopita siku hiyo hiyo. Wasiyaguse hata kidogo. Daudi anashuka na vifaa vyake, Neema yuko mlangoni na funguo, na wote wawili wanaongea habari za mipaka:

"Habari za hapa."
"Nzuri. Karibu. Wewe ndio wa ofisini?"
"Ndio mimi." Akafungua daftari, akalifunga. "Kiwanja kinaanzia wapi?"
"Kwenye ule mwembe. Au zamani kilianzia hapo."
"Zamani haitusaidii, tunahitaji bikoni."

Hawajatajana majina. Msomaji anajua, wao wanajua, na hakuna aliyesema. Ukiweza kuwafikisha mpaka mwisho wa sura bila jina kutajwa, halafu sentensi ya mwisho kabisa mmoja akalitaja, tena kwa sababu ya kawaida kama kumwambia asikanyage waya, umeshinda.

Tukio zima litaje kitu kimoja tu cha mwili. Kimoja. Amezeeka shingo, au bado anashika kalamu kwa mkono wa kushoto na kukunja kiganja kwa ndani. Ukitaja macho na nywele na tabasamu na sauti na harufu unakuwa unamtangaza mtu aliyepotea. Harufu ukiitumia iweke peke yake na kwa hesabu, inaamsha kumbukumbu kwa nguvu, lakini waandishi tumeichosha.

Hatua ya 7: kisengere nyuma kwa kijiko

Rejea za zamani zinaua riwaya hizi kuliko kitu kingine. Mwandishi anazipenda, ni za ujana, zina jua, basi anazimwaga sura ya pili kurasa ishirini na tunasahau kwamba kuna watu wazima wamesimama kiwanjani wanatusubiri.

Utaratibu ninaoufuata: hakuna kisengere nyuma chochote kabla ya ukurasa wa ishirini. Baada ya hapo kila kimoja kiitwe na kitu kilichopo sasa, kamba, mlango, jina la mtu, na kikiisha kiache alama kwenye sasa, yaani mtu arudi kutoka huko amebadilika kidogo, amenyamaza, amekasirika, amekataa maji aliyopewa. Kisichoacha alama kifute. Na siku ya basi yenyewe ikate vipande, kipande cha begi, kipande cha kioo, kipande cha Neema anarudi nyumbani kabla hakujakucha anawakuta bado wamelala na hakuna aliyejua kwamba alitaka kuondoka. Zile kurasa nne ulizoficha ndio unazichomoa hapa, tone tone.

Hatua ya 8: Kiswahili chenyewe kinajua kupenda na kujuta

Hii ndio sehemu ninayoipenda na sijui kwa nini watu hawaiongelei. Lugha yetu ina vifaa vya hadithi hii viko mezani tayari, sisi tunaandika "alihisi hisia kali moyoni".

Chukua -nge- na -ngali-. Siku hizi wengi tunazichanganya kwenye maongezi, lakini kwa kanuni "ningekuja" bado ina mlango wazi, "ningalikuja" mlango umefungwa na ufunguo umetupwa. Sasa fikiria Daudi, mtu makini, sura za mwanzo anatumia -ngali- kila akiongelea ujana, "tungalikuwa na watoto wakubwa sasa". Halafu sura ya ishirini, katikati ya sentensi ya kawaida kabisa, inamponyoka, "tungekuwa". Neema ni mwalimu. Anaisikia. Hasemi kitu, anaendelea kukunja kamba, lakini msomaji mwangalifu ataruka kitini.

Au nyakati: "nilikupenda", "nilikuwa nakupenda", "nimekupenda". Mtu akikiri kwa "nimekupenda" hajasema ni lini ilianza wala kama imeisha. Au hilo neno "bado" peke yake, mtu akiulizwa "umeoa?" akajibu "bado" na mtu akijibu "hapana", ni watu wawili tofauti kabisa.

Na majina. Panga ngazi ya wanavyoitana na uiandike pembeni. Anaanza "bwana mpima", kisha "Daudi", kisha "wewe" ile ya kukemea ambayo huwezi kumkemea nayo usiyemzoea, na jina la utani la zamani liwe la mwisho kabisa, mara moja tu, usilichezee. Ukilitoa sura ya tano huna akiba.

Maneno ya mapenzi yenyewe, mpenzi, laazizi, mahabuba, kipenzi cha roho, mimi kwenye riwaya tulivu nayaogopa. Watu wa miaka 37 wenye aibu wanaongea kwa kuzunguka, "umekula?" "funga dirisha baridi itaingia". Mapenzi yapite humo.

Hatua ya 9: katikati kusilale

Katikati ndiko kunakolegea. Dawa yake ni moja: kila wanapoonana kitu kimoja kisogee na kisirudi. Leo wamecheka kwa mara ya kwanza, haiwezekani tena wawe hawajawahi kucheka. Kesho amejua kuhusu binti. Keshokutwa ameona mwandiko wake. Andika kila sura kwa sentensi moja, "baada ya sura hii, jambo gani haliwezi kuwa kama zamani?" na kama huna jibu, sura hiyo ni ya kufuta hata kama ina mvua nzuri.

Halafu lazima kosa la zamani lijirudie katikati, dogo, kama onyo. Daudi kwa nia njema anawapigia simu ndugu zake Neema na kupanga dada yao apewe kipande cha mbele chenye kivuli. Bila kumuuliza. Neema anajua, anasema "asante", meno yamebana. Siku tatu haonekani. Hakuna ugomvi, hakuna kelele, na msomaji ameshika kichwa kwa sababu ameliona begi kwenye siti tena. Huna haja ya adui, wala tajiri anayemtaka Neema kwa nguvu. Hao wawili wanatosha kujiharibia.

Hatua ya 10: siri itoke, na iume

Kwenye robo ya mwisho siri inatoka. Neema anasema neno moja, "nilifika". Kwa waandishi wengi hapa Daudi angefurahi, kumbe alinipenda! Mimi naona hapana. "Hakuja" alishaizoea, ni mtu asiyeonekana. "Nilifika" ina maana alisimama hatua kumi, akamuona amekaa na begi, akamuona anachungulia dirishani, na akaondoka. Hiyo inauma upya na kwa haki. Mwache aondoke. Mwache akae na hilo sura mbili, arudi kwa binti yake, aongee hata na yule aliyekuwa mke wake, ambaye atamwambia kitu kimoja kikavu, "na mimi hukuwahi kuniuliza".

Hapo ndipo Daudi anaelewa. Angalia haikuwa Neema aliyemweleza, wala sio msimulizi. Ukweli mgumu ukitoka kwa mtu asiye na faida nao unaaminika zaidi.

Hatua ya 11: mwisho

Kanuni yangu ni kwamba kila mmoja afanye kitu kilekile kilichomshinda mara ya kwanza, na akifanye akiwa anaogopa. Daudi aulize, na baada ya kuuliza anyamaze, asubiri jibu, asilijaze yeye. Neema aseme. Hata kama anachosema ni "sitaki kuhamia kwako". Ndiyo ya mtu ambaye sasa anaweza kusema hapana ndio ndiyo yenye thamani, kabla ya hapo ilikuwa adabu tu.

Usikate tamaa mwisho ukikataa kukaa. Jane Austen, yule mwandishi wa Uingereza, aliandika riwaya ya namna hii hii, Persuasion, msichana anamwacha mchumba akiwa na miaka 19 kwa kushauriwa na mtu mzima anayemheshimu, wanakutana tena ana miaka 27. Alimaliza Julai 1816, akaona mwisho umepooza, akauandika upya akamaliza Agosti mwaka huo huo. Sura za zamani alizozikataa zimebaki kwa mwandiko wake mwenyewe, na kulinganisha ni darasa la bure: kwanza aliwakutanisha kwa kutumwa ujumbe, mwanaume kaja kuuliza habari aliyoagizwa na mtu mwingine. Alipoandika upya akamweka mwanaume chumba kimoja na mwanamke, anaandika barua huku anamsikia akiongea na mtu mwingine kuhusu nani anapenda kwa muda mrefu zaidi, na kabla hajatoka anamwachia barua ya kwake. Mara ya kwanza tukio ndilo lililowasukuma, mara ya pili mtu amesukumwa na moyo wake mwenyewe na kalamu iko mkononi. Ukihisi mwisho wako umepooza, angalia nani anasukuma.

Hatua ya 12: kazi yenyewe ya kuandika

Lenga maneno elfu 60 hivi, riwaya ndefu zaidi ya elfu 90 kwa hadithi yenye watu wawili na kiwanja kimoja inachosha. Maneno 500 kwa siku, siku 120, umefika. Mia tano ni kidogo, ni nusu saa au saa moja, lakini ruka siku nne mfululizo uone utakavyosahau sauti ya Daudi. Rasimu ya kwanza usirudi nyuma kurekebisha, weka alama tu pembeni "hapa jina la jirani limebadilika" na uendelee.

Ukimaliza ifungie wiki nne bila kuifungua. Halafu soma mara tatu kwa kazi tofauti. Mara ya kwanza miaka na majina, na ile karatasi yako pembeni. Mara ya pili soma mazungumzo tu kwa sauti, sentensi ambayo ulimi unakwama au unaona haya kuisema mbele ya mtu, hiyo haijasemwa na binadamu. Mara ya tatu tafuta maneno moyo, machozi, hisia, milele na ghafla kwenye kompyuta, hesabu, punguza nusu. Kwenye mswada wangu wa pili "ghafla" zilikuwa 61, kwenye kitabu kinachojiita tulivu.

Tafuta wasomaji wawili watatu ambao sio ndugu, na usiwaulize "umeipenda?" Waulize ni ukurasa gani waliweka kitabu chini wakaenda kufanya mambo mengine, na waulize nani alikuwa na makosa siku ya basi. Wakijibu wote Neema, au wote Daudi, mizani imelala, rudi hatua ya kwanza. Wakianza kubishana wenyewe kwa wenyewe wakakusahau upo, kaa kimya uandike wanachosema.

Begi lenyewe? Mimi ningelirudisha ukurasa wa mwisho. Wanasafiri kwenda kumuona binti, Daudi amefika nusu saa kabla kama kawaida yake, amekaa, begi liko miguuni. Watu wanaingia. Siti ya pembeni iko wazi na mzee mmoja anamuuliza, "hapa kuna mtu?" Daudi anaangalia mlangoni, hajui, kwa kweli hajui, na anajibu, "ngoja tumsikie mwenyewe."